Kisanduku Kinapojibu "Hakuna"

Katika vipindi vya Mbinu za Kufundishia Hisabati tumezoea kuwaonya wanachuo wetu wasiharakishe kutia alama ya kosa penye jibu lisilo sahihi. Mtoto wa Darasa la Pili akiandika kwamba 32 kutoa 17 ni 25, hakubahatisha. Amejiwekea kanuni yake mwenyewe kwamba daima tarakimu ndogo hutolewa katika tarakimu kubwa. Kwa hiyo ametoa 2 katika 7, kisha 1 katika 3. Kosa lake lina njia, na mwalimu asiyeitafuta njia hiyo atamfundisha mtoto upya jambo analolijua na kuliacha lile asilolijua. Haya tunayasema kila mwaka. Hata hivyo, si zamani sana, tulipewa kosa la namna hiyo hiyo na mashine wala hatukulitambua, nasi tukamhukumu mwanachuo ambaye hakuwa na hatia.

Inafaa kwanza tumweleze msomaji hazina tunayoizungumzia. Chuo chetu kina tovuti ya ndani, ambayo husomwa kwa kompyuta zilizounganishwa na seva iliyomo katika chumba cha pembeni mwa maktaba. Humo tumeweka maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, michoro, maswali ya majaribio na makala za wakufunzi; wakati wa mambo haya yalikuwamo maandishi 640. Tovuti hiyo huendeshwa na mfumo wa kusimamia maudhui uitwao Drupal, ambao Mbelgiji Dries Buytaert aliutoa kwa watu wote bila malipo mwaka 2001. Faida ya mfumo wa namna hii ni kwamba mkufunzi hahitaji kujua lugha za kompyuta. Hufungua fomu, akaandika kichwa cha maandishi yake, akatia maelezo mafupi, akaambatisha faili, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mfumo wenyewe huyapanga na kuyaonyesha. Juu ya kila ukurasa kuna kisanduku cha kutafutia. Mtu huandika humo neno moja au zaidi, naye hupewa orodha ya maandishi yenye maneno hayo. Siku tuliyoizindua hazina hiyo tuliwatangazia wanachuo kwamba tangu sasa hakuna atakayekuwa na udhuru wa kwenda darasani mikono mitupu.

Udhuru huo ndio tuliokataa kuusikia tulipokwenda kumkagua mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa akifundisha sehemu, Darasa la Nne. Sauti yake ilisikika vizuri na watoto walimpenda, lakini zana yake ilikuwa duara moja tu la chaki, lililogawanywa mapande manne yasiyolingana, ambayo kila moja aliliita robo. Hapakuwa na karatasi za kukunja, wala vipande vya kadi, wala chungwa la kukatwa. Baada ya kipindi tulimwuliza sababu. Akajibu, "Mwalimu, nilitafuta kwenye hazina ya chuo, sikupata kitu." Tulimwambia kwamba maandalio ya sehemu tuliyaweka humo sisi wenyewe, na kwamba asingekosa kuyaona kama angetafuta kweli. Katika fomu ya tathmini tukaandika: "Hana bidii ya kutafuta vyanzo vya somo." Alama zake tukazishusha.

Hakubisha. Kesho yake alitufuata kwenye nyumba tuliyofikia, akatuamkia, kisha akatoa daftari. Alikuwa ameandika humo kila ombi aliloliingiza katika kisanduku kabla hajaondoka chuoni, tarehe yake, na jibu alilopewa. Yalikuwa maombi 11. Mbele ya 6 kati yake alikuwa ameandika neno moja tu: hakuna.

Tuliporudi chuoni tulikaa mbele ya kompyuta na daftari lile, tukaanza na ombi la kwanza, "andalio la somo la sehemu". Tuliliandika kama alivyoliandika. Kisanduku kikatujibu kwamba hakuna kilichopatikana. Maandishi tuliyokuwa tukiyajua, ambayo kichwa chake tulikiandika kwa vidole vyetu wenyewe, hayakuonekana. Tuliona haya, nasi twakiri kwamba jambo la pili tulilolifanya, kabla ya kufikiri, lilikuwa kumwita fundi wa kompyuta na kumlaumu.

Kichwa cha maandishi yale kilikuwa "Maandalio ya Masomo: Sehemu, Darasa la Nne". Msomaji ayaweke maombi ya mwanachuo na kichwa hicho sambamba, ayatazame kama atazamavyo mtu asiyejua Kiswahili hata kidogo. Mwanachuo aliandika andalio. Kichwa kina maandalio. Aliandika la; kichwa kina ya. Aliandika somo, kichwa kina masomo. Neno lililolingana kikamilifu lilikuwa "sehemu", pamoja na lile "la" la "Darasa la Nne" ambalo halikukusudiwa. Sasa, kisanduku cha Drupal, kama kinavyotolewa bila nyongeza yoyote, hulinganisha maneno mazima mazima, na maneno yakiwa mengi hudai yote yawemo katika maandishi yale yale. Basi ombi lililoonekana kwetu kuwa limetaja kichwa cha maandishi kwa jina, kwa mashine lilikuwa ombi la kitu kingine kabisa. Wala haikudanganya iliposema hakuna. Neno "andalio" halikuwamo.

Mtu ataweza kuuliza: je, ndani ya andalio lenyewe, juu kabisa ya fomu, hapajaandikwa "Andalio la Somo" kwa herufi kubwa? Pameandikwa. Lakini fomu hiyo imo katika faili la PDF lililoambatishwa, na mfumo huo, usipoongezewa programu nyingine, hausomi yaliyomo ndani ya faili. Husoma kichwa na maelezo yaliyoandikwa katika ukurasa, basi. Tena mafaili yetu mengi ni karatasi zilizopigwa picha kwa mashine ya skani; hayo hata yakifunguliwa hayana herufi ndani yake, yana picha ya herufi. Sisi wakufunzi, kwa kutaka kumaliza kazi upesi, sehemu ya maelezo mafupi tulikuwa tukiiacha tupu. Hivyo andalio la kurasa 6 lilikuwa na maneno 7 tu ya kulipatia, nayo ni yale ya kichwa.

Ombi la pili katika daftari lilikuwa "kufundisha sehemu". Makala iliyomfaa ilikuwapo, imeandikwa "Ufundishaji wa Sehemu kwa Vitendo". Ombi la tatu lilikuwa "hesabu za sehemu", ilhali sisi tumeandika Hisabati kila mahali, kama somo linavyoitwa. La nne lilikuwa neno "sehemu" peke yake, na hapo jibu halikuwa "hakuna". Mwanachuo aliandika: "Mengi mno. Sehemu za mmea, sehemu za mwili, sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Nimefika ukurasa wa tatu, nimechoka." Andalio letu tulilikuta ukurasa wa tano.

Maombi haya manne yanatosha kumwonyesha mwalimu kwamba kutafuta huharibika kwa njia mbili zinazopingana. Katika miaka ya 1960 mkutubi mmoja wa Uingereza, Cyril Cleverdon, alifanya majaribio makubwa huko Cranfield ya kupima njia za kutafuta maandishi, naye alipima mambo mawili mbalimbali: kati ya maandishi yote yanayofaa yaliyomo, ni mangapi yaliyoletwa, na kati ya maandishi yote yaliyoletwa, ni mangapi yanayofaa. Aghalabu ukilivuta hili, lile hulegea. Ombi la maneno matano lilibana mno hata halikuleta kitu, na ombi la neno moja lilileta kitu kilekile kikiwa kimefunikwa na takataka. Kwa mtu aliye na nusu saa tu ya zamu yake kwenye kompyuta, kufunikwa na kutokuwapo ni mamoja.

Tungependa kukaa kidogo juu ya tatizo la maneno yanayobadilika mwanzoni, kwa kuwa ndilo letu hasa, na vitabu vya kompyuta vinavyosomwa na mafundi wetu havilisemi. Mwaka 1980 Martin Porter alitangaza kanuni za kukata mikia ya maneno ya Kiingereza, ili mtu akitafuta teach aletewe pia teaches na teaching. Kanuni hizo zimetumika sana. Lakini Kiingereza hubadili neno mwishoni, na Kiswahili hubadili mwanzoni na mwishoni pia. Kitabu ni vitabu, jani ni majani, mwalimu ni walimu, na kazi yao ni ualimu. Kitenzi ndicho kizito zaidi: anafundisha, walifundisha, hatukufundishwa, ufundishaji. Kilicho kimoja katika maneno hayo kimo katikati, kama kokwa ya embe. Hata ile nyota ambayo baadhi ya mifumo humruhusu mtu kuiweka ili isimame badala ya herufi zilizobaki, mara nyingi hukubaliwa mwishoni mwa neno tu. Itatusaidia kwa "fundish" ya "fundisheni", haitatusaidia kwa "ufundishaji". Drupal ya kawaida haikubali nyota kabisa. Nafuu yetu ni yale majina yasiyobadilika katika umoja na wingi, kama kalamu, nyumba, ramani na sehemu yenyewe. Anayetafuta kwa Kiswahili hana budi kuyapenda maneno hayo.

Ombi la saba lilituchekesha, ingawa halikuwa na kichekesho. Mwanachuo aliandika "andalio au maandalio". Alikuwa ameanza kulitambua kosa peke yake, akajaribu kumpa mtumishi wake hiari ya hili au lile. Bahati mbaya mfumo huo haulijui neno "au" kuwa ni kiungo. Hulihesabu kuwa neno jingine la kutafutwa. Hiari hutolewa kwa neno la Kiingereza OR, nalo liwe kwa herufi kubwa. Tulipoandika "andalio OR maandalio" pamoja na "sehemu", andalio letu lilitoka la kwanza. Mwanachuo huyu alikuwa amefika hatua moja tu mbali na jibu, kwa akili yake, bila kufundishwa na mtu. Ndiye tuliyemwandikia kwamba hana bidii.

Fundi wa kompyuta naye alikuja, akatusikiliza kwa upole kuliko tulivyostahili, kisha akatufungulia ukurasa wa uongozi ambao hatujawahi kuuona. Hapo ndipo tulipopata sababu ya ombi la tisa na la kumi, ambayo yalikuwa yameandikwa sawasawa, kwa maneno yaliyomo katika vichwa vya makala, na bado yakajibiwa hakuna. Kisanduku hakipekui maandishi yenyewe kila mtu aulizapo. Hupekua faharasa, kama msomaji wa kitabu anavyotazama nyuma ya kitabu kujua ukurasa. Na faharasa hiyo haiandikwi papo hapo mtu anapohifadhi. Huandikwa kwa vipindi, katika kazi ya mpangilio ambayo mafundi huiita kroni. Katika kila kipindi mfumo huongeza maandishi yasiyozidi idadi fulani, ambayo kwa kawaida ni 100. Fundi wetu alikuwa ameipunguza iwe 10, kwa kuhofia kuilemea seva yetu kuukuu. Kroni yetu ilipangwa kufanyika kila baada ya saa 3, tena kwa namna iliyohitaji mtu kuifungua tovuti ndipo ianze, na seva ilikuwa ikizimwa kila alasiri ili kupunguza gharama za umeme. Kwa siku tulipata vipindi 3. Msomaji afanye hesabu: maandishi 30 kwa siku, maandishi 640. Ni siku 22 za kazi, yaani zaidi ya wiki 4. Siku ile ukurasa wa uongozi ulionyesha kwamba asilimia 61 tu ya maandishi ndiyo yaliyokwisha kuingizwa. Wanachuo waliondoka kwenda mashuleni wakati ambapo karibu maandishi 4 katika kila 10 hayakuweza kupatikana kwa ombi lolote, hata lingeandikwa na mtaalamu.

Fundi hakuwa amekosea. Alifanya alivyoona inaifaa mashine, na sisi hatukumwuliza, wala hatukumweleza kwamba kuna tarehe ya kuondoka.

Kuanzia hapo tuliacha kubahatisha, tukafuata utaratibu ambao tunausomesha sasa katika kipindi cha vyanzo vya masomo. Kisanduku kikijibu "hakuna", usianze na kile usichojua kama kipo. Anza na kile unachojua hakika kwamba kipo. Chagua maandishi mamoja uliyoyaona kwa macho, chukua katika kichwa chake neno moja lisilo la kawaida, liandike peke yake kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Yakipatikana, kisanduku ni kizima na faharasa inasoma. Kosa limo katika maneno yako. Ongeza neno la pili, tazama. Ongeza la tatu, tazama. Neno ambalo likiongezwa maandishi hutoweka, hilo ndilo lenye ugonjwa. Ukibadili maneno matatu kwa mara moja, hata ukifaulu hutajua ulichokiponya. Na kama neno moja hilo hilo, lililonakiliwa sawasawa, halileti kitu, liache daftari lako la msamiati, nenda kwa anayetunza tovuti umwulize mambo matatu: je, maandishi yamechapishwa au yangali rasimu, je, yamekwisha kuingia katika faharasa, je, maneno yamo katika ukurasa au yamo ndani ya faili tu? Swali la kwanza lina mtego, kwa kuwa aliyeyaweka maandishi huyaona katika orodha yake mwenyewe hata yakiwa rasimu, akaapa kwamba yapo.

Tahajia nayo isisahauliwe. Tulikuta "usanisinuru" mahali pamoja na "usanisi nuru" mahali pengine, jambo ambalo kwa mashine ni neno moja dhidi ya maneno mawili. Tulikuta "jografia" na "jiografia". Tulikuta pia "lamani ya Tanzania", iliyoandikwa na mkufunzi ambaye hatutamtaja, ila tutasema kwamba ndiye anayeandika makala haya.

Msomaji asidhani kwamba mifumo yote ina tabia moja. Rafiki yetu anayefundisha shule ya msingi anatumia WordPress kwa tovuti ya shule yake, na huko mambo ni kinyume. Mfumo huo hutafuta herufi zilizofuatana popote zilipo, hata katikati ya neno. Huko ukiandika "fundish" utaletewa kufundisha, ufundishaji na walifundishwa kwa pamoja, nasi tulipoliona jambo hilo tulimwonea wivu. Wivu ulipungua aliposimulia jinsi alivyotafuta somo la Stadi za Kazi la kupika wali. Aliandika "wali", akaletewa kila ukurasa uliokuwa na walimu, waliofaulu, waliochelewa, na maswali yote ya Darasa la Saba.

Kisa hicho ndicho kilichotupa zoezi la darasani. Tumelifanya mara kadhaa na wanachuo, na mara moja na watoto wa Darasa la Tano katika shule iliyo jirani nasi, ambayo haina kompyuta hata moja. Zoezi lenyewe halihitaji kompyuta. Tuliandika maneno 24 kwenye kadi za manila, kila mtoto kadi yake: mtoto, watoto, utoto, kitoto, kitabu, vitabu, somo, masomo, wali, walimu, maswali, waliimba, kalamu, nyumba, na mengineyo. Mtoto mmoja alitolewa nje asiyaone maneno, akawa mtafutaji. Kanuni ya kwanza ilikuwa: usimame iwapo tu neno linalotajwa ni sawa na la kadi yako, herufi kwa herufi. Mtafutaji akaita, "Mtoto!" Akasimama mtoto mmoja. Yule mwenye kadi ya "watoto" aliinuka nusu, akatutazama, akakaa, kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, watoto si ndio mtoto wakiwa wengi?" Tulimjibu kwamba yeye anajua hivyo, lakini kadi yake haijui. Darasa likanyamaza kidogo. Nasi tulinyamaza, maana katika neno hilo moja mtoto huyo alikuwa amelieleza daftari zima la mwanachuo wetu.

Kanuni ya pili ilikuwa: simama ikiwa neno linalotajwa limo popote ndani ya neno lako. Mtafutaji akaita "toto", wakasimama wanne, na darasa likapiga makofi. Akaita "wali", akasimama wali mwenyewe, na walimu, na waliimba, na maswali, wakaanza kusukumana kwa kicheko kila mmoja akidai kwamba ameitwa kwa haki. Mwishoni tuliwaachia wao waamue: ukitaka andiko linalohusu watoto na utoto, ungetumia kanuni ipi? Ukitaka chakula je? Hawakukubaliana, na kengele ililia kabla hatujawapatanisha.

Kwa upande wa hazina yenyewe tulifanya mambo machache. Fundi aliirudisha idadi kuwa 100, na kabla ya kila msimu wa mazoezi ya kufundisha tunaitazama asilimia ya faharasa mpaka itimie. Tuliongeza katika fomu nafasi iitwayo "Maneno ya kutafutia", ambamo mkufunzi huandika umoja na wingi, kitenzi na jina lake, na majina mengine ya jambo lile lile. Kwa andalio lile la sehemu tuliandika: andalio, maandalio, somo, masomo, kufundisha, ufundishaji, hisabati, hesabu, robo, nusu, theluthi, kukunja karatasi. Mara ya kwanza nafasi hiyo haikufaa kitu. Tulikuwa tumeificha isionekane ukurasani, kwa kuona kwamba rundo la maneno linachukiza macho, na mfumo nao haukuiona, kwa kuwa husoma ukurasa kama ulivyoagizwa kuonyeshwa katika faharasa. Wiki mbili zilipita tukijiona tumekwisha kulitatua jambo. Mwanachuo mwenyewe ndiye aliyetuonyesha, aliporudi kutoka mazoezini na kuandika tena ombi lake la kwanza.

Kuna wakufunzi wenzetu wanaosema kwamba kazi hii ya kuandika maneno ni ya mashine, na kwamba siku moja programu itakayojua ngeli za Kiswahili itatuondolea taabu. Yamkini. Zipo tayari programu zinazojaribu kulinganisha maana badala ya herufi. Lakini zilizomo katika seva yetu ni hizi, na mtu anayekwenda kufundisha sehemu Jumatatu hawezi kuzisubiri nyingine.

Fomu ya tathmini ilikuwa imekwisha kupelekwa ofisini. Tuliandika barua ya kuomba masahihisho, tukaambatisha nakala ya daftari na maelezo ya fundi, na alama zikarudishwa. Maneno yetu hayakuweza kuondolewa, kwa kuwa fomu hiyo haifutwi. Yamepigwa mstari katikati, pembeni tumetia sahihi na tarehe, na mtu yeyote atakayeifungua bado ataweza kuyasoma. Tulimwita mwanachuo ofisini tukamweleza tulilolifanya, tukamwomba radhi. Alitushukuru, kisha akasimama mlangoni bila kuondoka. Tulipomwuliza kama ana la ziada, alisema anaomba arudishiwe daftari lake, kwani upande wa nyuma alikuwa ameanza kuandika andalio la kesho.